Fundi Aliyevaa Saa Yangu

Fundi saa wa mtaa wa nyuma ya soko kuu, hapa Nyamagana, amefariki. Ninyi mnaonisoma tangu zamani mnamfahamu, ingawa hamjui kwamba mnamfahamu, maana niliwahi kumsema hapa hapa kwenye safu hii, na nilimsema vibaya. Habari za msiba nilizipata kwa njia ambayo nilistahili. Jumatano nilikwenda kubadilisha mkanda wa saa yangu, uliokuwa umekatika, nikakuta mezani kwake ameketi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amebana kile kioo cha mafundi jichoni, ameinamia mashine ndogo kama kucha. Nikamuuliza mzee yuko wapi. Akakitoa kioo jichoni, akakifuta kwa pindo la kanga, akasema, "Shikamoo bibi. Baba ametangulia. Hii ni wiki ya tatu. Tulimpeleka kwao Sengerema." Kabla sijafungua mdomo kumpa pole, mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake kwa fundi viatu wa jirani, mguu mmoja ndani ya kandambili ya kuazima, akaniinamia sikioni kwa upole wa kumsaidia mzee. "Bibi, usiiache saa yako hapo. Marehemu alikuwa anabadilisha mashine za watu. Kuna mama mmoja aliwahi kuja kumfokea hapa, mji mzima unajua."

Mama mmoja ndiye mimi. Nilipewa uongo wangu mwenyewe, umefungwa vizuri, na mtu ambaye sijawahi kumwona, tena kwa nia njema. Na mimi mbele ya yule binti, mfiwa wa wiki tatu aliyesikia kila neno na kujifanya hakusikia, nilifanya nini? Nikasema pole sana mwanangu, nikaitia saa kwenye pochi, nikaondoka. Nimekuwa nikijisifu kwenye ukurasa huu kwamba sina hofu ya kusema. Siku ile niliondoka haraka mpaka nikasahau kununua nyanya nilizokusudia kuzipitia sokoni.

Sasa nieleze tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ni wivu. Kanisani kwetu, benchi la mbele yangu, hukaa mwalimu mstaafu, mama wa kutoka Kagera, mwenye mgongo ulionyooka kama rula aliyokuwa akitupigia watoto wetu. Kila mahubiri yakifika katikati, mwalimu huinua mkono wa kushoto, sijui niseme huutupa kidogo hewani, kisha hugeuza kiganja, hutazama saa, hushusha mkono taratibu. Kanisa zima limeona. Mchungaji naye ameona, huanza kukusanya karatasi zake. Nikajiambia, huyu mwenzangu ana nguvu hiyo kwa sababu ya saa tu. Mimi nina nyumba ya tofali niliyoijenga kwa dagaa, nina wajukuu tisa na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa utoro, mmoja nesi, mmoja anasomea mambo ya mahesabu chuo kikuu, na huyu mdogo anayenipigia chapa maneno haya ndiye anayenisahihishia "kurara" iwe "kulala". Nikikosa saa nimekosa nini? Shule niliishia darasa la nne, lakini saa naisoma.

Basi nikaenda kwa wauza mitumba, wale wanaotandaza turubai chini wakapanga miwani ya watu waliokufa Ulaya, redio, pasi na vijiko. Humo nikaiona. Saa ya kike ya zamani, ya mishale, uso wake wa rangi ya maziwa yaliyokaa, kioo kimechubuka mpaka namba zinaonekana kama ziko chini ya maji ya ziwa siku ya upepo. Muuzaji akanihakikishia ni nzima. Nikaiweka sikioni, kimya. "Betri tu hiyo, mama," akasema. Nikaamini. Mimi niliyeuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, miaka yote ile, niliyeweza kumkamata mtu aliyechanganya mchanga kwenye gunia kwa kulinyanyua tu, nikaamini maneno ya mtu anayeuza kitu ambacho hakijui.

Fundi ndiye aliyeniambia kwamba haina betri. Alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole vinene ambavyo ukiviona utadhani ni vya kuchimba visima, na meza yake ilikuwa sanduku la kioo lililowekwa juu ya miguu ya kiti cha shule. Akaufungua mgongo wa saa kwa kisu kifupi, akaniita nichungulie kwa kile kioo chake. Ndani kulikuwa na vumbi jeupe kama unga wa muhogo, na unywele mmoja wa mtu, wa rangi ya dhahabu, umejizungusha kwenye gurudumu. Sijui mwenyewe alikuwa nani. Siku mbili zilizofuata nilipitia pale makusudi kumtazama akifanya kazi, kwa sababu kazi ya mkono ikifanywa vizuri mimi hunishika kama wengine wanavyoshikwa na mpira. Alikitoa kila kipande, akakiosha kwa petroli ndani ya kifuniko cha mkebe wa kahawa, akakipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio anaoujua yeye, na mpiga debe akipita karibu kwa kishindo alikuwa anakinga karatasi ile kwa kifua kama mama anayekinga mtoto. Mafuta aliyatia kwa ncha ya sindano. Nikamwambia mbona unayabania. "Mama, mafuta ya saa ukiyaona kwa macho, umezidisha." Kile kioo kilichochubuka alikisugua kwa dawa ya meno na kipande cha fulana, akasugua, akasugua, mpaka namba zikatoka majini.

Aliponikabidhi, alinieleza. Nakumbuka maneno yake yote, ndiyo maana sina pa kujificha. "Hii ni otomatiki, mama. Haina betri, wala haijazwi kwa ufunguo. Nyuma humu kuna chuma kama nusu sahani, mkono ukitembea chenyewe kinazunguka, kinaijaza. Inakula mkono. Mkono ukifanya kazi, nayo inashiba. Ukikaa, nayo inakaa."

"Mkono wangu huu," nikamwambia, "umebeba magunia ya dagaa kabla wewe hujajua kushika bisibisi."

"Basi itavimbiwa, mama."

Tukacheka, nikaondoka nikitembea kama mbunge. Jumapili ile niliinua mkono kanisani mara tatu. Jumanne asubuhi nikaikuta imesimama. Nikaitikisa, ikatembea, nikaivaa, Jumatano ikasimama tena. Nikarudi kwa fundi nikiwa nimenuna. Akaiweka sikioni, akasema iko hai, niachie siku tatu niivae. Nilisikia neno "niivae", nikalipita. Siku ya tatu akanirudishia inakimbia, inakwenda sawasawa na saa ya benki ya ng'ambo ya barabara. Nikaipeleka nyumbani, siku ya pili imekufa. Nikarudi nayo mara ya pili, nikamwachia bila salamu nzuri, na kesho yake nikaamua kupita bila taarifa. Ninyi mnajua mtu hupita bila taarifa akiwa ameshaamua atakachokiona.

Nilichokiona ni hiki. Saa sita mchana, mtaa umejaa, fundi amesimama mbele ya meza yake anapiga soga na fundi viatu, anaongea kwa mikono kama watu wa ng'ambo ya Busisi wanavyoongea, na mikono yenyewe ina saa tano. Tatu kushoto, mbili kulia. Na moja ya zile tatu, uso wa maziwa yaliyokaa, ni yangu.

"Fundi," nikasema, "hiyo iliyoko mkononi mwako ni ya nani?"

"Yako, mama. Naijaribu."

"Unaijaribu au unaivaa?"

"Mama, hizi hazijaribiwi mfukoni."

Watu wawili watatu wakacheka, na kicheko kile kiliniingia kama pilipili puani. Nikapandisha sauti. Sauti yangu ni ya mwaloni, imezoea kushindana na injini za mitumbwi. Nikasema ameibadilisha mashine yangu. Nikasema nzuri ameitoa akamtilia mwingine, na bovu ameniwekea mimi kwa sababu ameniona kikongwe. "Kwako inatembea, kwangu inakufa. Kwa nini? Inakuogopa?"

"Labda inakupenda, mayu," akasema fundi viatu, ambaye ni Msukuma mwenzangu na hana adabu. "Ikifika kwako inaona ni nyumbani, inapumzika."

Mtaa ukaangua kicheko. Hapo nikamtazama fundi saa, naye akanitazama, kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kushoto, ule mlaini, wenye bangili mbili na mafuta ya nazi, yakatulia pale. Leo najua alikuwa anasoma nini. Alikuwa na jibu mdomoni, jibu la neno moja, ambalo lingenimaliza mbele ya watu arobaini. Akalimeza. Akasema, "Kosa langu, mama. Kuna mahali sijapaona. Niachie siku moja tena."

Mtu akisema kosa langu mbele ya watu, kuna wanaosikia uungwana na kuna wanaosikia wizi. Bwana mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akasema, "Basi fundi, na yangu nipe, nitaitafutia pengine." Mama mwingine naye akanyoosha kiganja. Fundi hakubishana. Akaifungua saa ya kwanza mkononi mwake, akaitoa, akaifungua ya pili, akaitoa, na mkono wake wa kulia ukabaki mtupu. Mimi nikachukua yangu, nikaenda zangu, na nisiwadanganye, nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri mpaka nikaandika. Mtakumbuka ile safu niliyoiita habari ya mafundi wa siku hizi, niliyosema fundi akiona mama mzee anaona shamba la kuvuna. Mlinipongeza sana kwa safu ile. Sikutaja jina, nikajiona muungwana. Kana kwamba Nyamagana kuna mafundi saa kumi wenye meza ya sanduku la kioo jirani na fundi viatu.

Ukweli niliupata kwa mtu yule yule aliyenitia wivu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimwonyesha mwalimu mstaafu saa yangu iliyosimama, nikimtafutia huruma. Nikamwambia fundi wa mjini ameniibia mashine. Mwalimu akaichukua, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaniuliza kwa ile sauti ya kumwita mtoto ubaoni, "Unafanya nini siku nzima?"

"Napumzika. Wanangu wamesema nimefanya kazi ya kutosha."

"Vizuri. Na mkono wa kushoto, unafanya nini?"

Wasomaji wangu, nilifikiri. Nikakaa pale chini ya kengele ya kanisa nikitafuta kazi moja, moja tu, ambayo mkono wangu wa kushoto umeifanya tangu Jumatatu. Wa kulia unakula, unabariki wajukuu, unaandika safu. Wa kushoto ulikuwa umeshika rimoti.

"Yangu nayo ni hiyo hiyo," akasema mwalimu. "Unadhani kule kanisani natazama saa? Naitikisa, mwenzangu. Nikikaa sana inataka kunifia mkononi, na mahubiri yetu unayajua."

Nilirudi nyumbani na saa yangu iliyosimama. Jumatatu nikamwambia dada anayetusaidia kazi apumzike, nikavaa saa, nikapepeta mchele, nikakamua mashuka, nikatwanga kisamvu cha watu kumi ambacho tulikila siku tatu. Bega liliniuma mpaka mjukuu nesi akanipaka dawa. Saa ilikimbia hadi Alhamisi bila kutetereka. Ilikuwa nzima tangu siku ile fundi alipoutoa unywele. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Mimi ninayewaandikia kila mara kuhusu uvivu wa vijana, ninayewauliza mnategemea nani, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha barazani tangu nilipoacha dagaa, na kifaa kidogo kisicho na mdomo kilikuwa kikinisema kila asubuhi, na mimi nikakipeleka kwa fundi kikatibiwe.

Nikaenda kuomba radhi. Hapa ndipo pananiuma, kwa hiyo nitapaeleza polepole. Nilikwenda saa moja asubuhi. Nilijiambia ni kwa sababu ya jua. Mtaa ulikuwa mtupu, kuna mfagiaji mmoja tu kwa mbali, na fundi alikuwa anafungua meza yake. Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya kuungama.

"Fundi, saa ni nzima."

"Najua, mama."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua ulipoirudisha mara ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa anazipanga koleo zake, ndogo upande huu, kubwa upande huu. Hakuinua uso. "Ningesema nini, mama? Kwamba wewe hunyanyuki kitini? Mbele ya watu wale?"

"Nami nikakuita mwizi mbele ya watu wale wale."

"Yameisha, mama. Ivae tu, pika pika kidogo."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna aliyesikia, nikarudi nyumbani mwepesi kabisa. Tena nilimsimulia mjukuu wangu kwamba nimejishusha, kwamba si kila mtu mzima anaweza. Baada ya hapo nilikuwa nikipita pale, tunasalimiana vizuri, ananiuliza saa inakula, namjibu inakula. Wale waliochukua saa zao siku ile sikuwauliza kama walirudi. Kwenye safu hii nikaandika habari za bei ya sato, za wakwe, za mvua. Habari ya fundi nikaiacha ikae ilivyokaa.

Tangu Jumatano nimekuwa nikifikiri jinsi tunavyokwenda kwa mafundi. Fundi cherehani unampa kitambaa huku umeshajua ataiba mita. Fundi redio, fundi simu, fundi gari, unamkabidhi kitu kibovu pamoja na hukumu yake. Kikipona, kilikuwa na tatizo dogo. Kisipopona, amekibadilisha. Na kwa vile hatuoni kinachofanyika humo ndani, tunajaza pale gizani tabia tulizonazo sisi. Mimi niliwahi kulowesha dagaa kidogo ili gunia lizidi uzito. Mara moja tu, au mbili. Ndiyo maana nilijua haraka sana kwamba fundi ni mwizi.

Nimefikiri pia habari ya muda. Binti yake aliniambia msafara wa maiti ulipita darajani pale Kigongo na kutokea Busisi kabla watu hawajamaliza kuimba wimbo mmoja. Zamani pale tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko pamoja na malori na ng'ombe, hata ukiwa na marehemu, nusu siku inaishia majini. Sasa tumeokoa ile nusu siku. Tumeokoa na saa za kusaga, kwa kuwa kuna mashine, na saa za kuchota maji, kwa kuwa kuna bomba. Nilijiuliza muda wote huo tulioukomboa tumeuweka wapi. Wa wengine sijui. Wangu niliukalia. Na fundi, ambaye simu za mikononi zilikuwa zimemnyang'anya nusu ya wateja kabla mimi sijamnyang'anya nusu iliyobaki, alikuwa akitembea mtaani na saa za watu mikononi, akizilisha kwa jasho lake mwenyewe, kazi ambayo haiandikwi kwenye risiti na ambayo mimi niliiita wizi.

Ijumaa nikarudi. Safari hii niliondoka nyumbani saa tano kasoro, kwa makusudi, nifike saa sita. Mtaa umejaa, bodaboda, wauza maji, watu wa ofisini wanatafuta chakula. Binti alikuwa mezani. Fundi viatu alikuwa mahali pake. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile.

"Jamani," nikasema. Ikatoka sauti ya kanisani. Nikakohoa, nikaitafuta ile ya mwaloni. "Jamani, mimi ndiye yule mama wa mashine."

"Tunakujua, mayu," akasema fundi viatu. "Tuna miaka tunakuita hivyo."

Hilo sikulijua. Nikaendelea. Nikasema marehemu hakubadilisha mashine yangu, wala ya mtu yeyote. Nikasema saa ilikuwa nzima, ni saa ya kujazwa na mkono unaofanya kazi, na mkono wangu ulikuwa haufanyi kazi. Nikasema alijua, akaamua yeye aitwe fundi mbovu kuliko mimi kuitwa mvivu, na mimi nikamwacha aitwe.

Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi akauliza taratibu, "Kwa hiyo bibi, kilichokuwa kibovu ni wewe?"

"Ni mimi."

Wakacheka. Walicheka vizuri, kile kicheko cha kushika mbavu, na fundi viatu akaangusha nyundo. Niliusubiri moyo wangu uchomwe kama siku ile, nikaona na mimi nacheka nao. Lakini nilipowatazama usoni mmoja mmoja, yule bwana wa kandambili moja hakuwamo. Wala yule mama aliyenyoosha kiganja. Wala yule aliyesema nitaitafutia pengine. Waliosikia uongo wangu walishatawanyika, wamekwenda nao Igoma, Buzuruga, Kisesa, wamewapa wengine kwa nia njema, na sauti yangu hata ikipigwa kwa nguvu zote inaishia kwenye kona ya duka la dawa.

Binti hakuwa amecheka. Nikamgeukia, nikamwambia baba yako nilikwishamwomba radhi, akaniambia yameisha.

"Najua, bibi. Alinisimulia." Akaweka koleo chini. "Kwa baba yaliisha. Mimi ndiye niliyerithi meza. Hata arobaini haijafika, watu sita wameshachukua saa zao hapa, hawajaniambia kwa nini."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akafikiri kama baba yake, kwa kutazama vifaa. "Uliandika," akasema. "Basi andika. Pale pale. Jina la baba usiliweke. Ulipomsema hukuliweka, na watu walimjua. Watamjua na sasa."

Ndiyo maana leo mmesoma haya badala ya yale niliyowaahidi ya harusi za siku hizi. Nilichojifunza uzeeni, nikiwa na darasa langu la nne, ni kwamba radhi ina vipimo vyake. Ukimvunjia mtu heshima saa sita mchana, usiende kumwomba msamaha saa moja asubuhi. Ukipaza sauti kumchafua, usinong'one kumsafisha. Yeye akikwambia yameisha, ameyamaliza ya kwake tu, na yale mengine bado yanatembea mjini na jina lake, yatamfuata mpaka kaburini, yakitoka huko yatakaa kwenye kiti cha mwanawe. Ni kazi yako wewe uliyeyatuma kuyafuata yalipokwenda, hata kama miguu inauma. Mimi siwezi kufika kila yalipofika. Ninyi mliyachukua kwangu, mkayapeleka. Basi kila mmoja wenu arudi kwa yule aliyemsimulia. Na atakayekwambia yule fundi wa nyuma ya soko alikuwa anabadilisha mashine za watu, mwambie mama mwenyewe amekanusha, ni yeye aliyekuwa mvivu, na umwambie kwa sauti ambayo hata aliyesimama pembeni ataisikia.